Kumpa treda mzoefu akuendeshee akaunti ya forex: kuna aliyewahi kula faida mpaka mwisho?

Mchuuzi wa Makorora
Wakuu salama. Nina dola 3,000, hela ya kiwanja nilichouza. Kuna kijana yuko Dar, rafiki wa mtoto wa mjomba wangu, anatredi forex (kununua na kuuza sarafu mtandaoni) na hana kazi nyingine. Anasema nifungue akaunti kwa jina langu, niweke hela mwenyewe, kisha nimpe pasiwedi ya MetaTrader, ile programu ya kutredi, aendeshe. Faida tunagawana kila mwisho wa mwezi, mimi 70 yeye 30. Anadai wastani wake ni asilimia 10 kwa mwezi. Historia kanionyesha kwenye simu yake, kijani tupu, yaani faida tupu.

Mimi chati sijui kusoma na sina mpango wa kujifunza. Ninachouliza: kuna mtu humu ameendeshewa akaunti na treda wa kweli akaona faida zaidi ya mwaka? Wale wa "forex yote utapeli" na wale wa "njoo inboksi nikufundishe", naomba mnipitie mbali.

Chumvi Kidogo
Nimekaa paleee. Kiwanja kimeshauzwa, sasa tunasubiri tangazo la msiba wa hela.

Kokotoo
Tuanze na hesabu. Asilimia 10 kwa mwezi, faida ikiachwa humohumo, dola 3,000 baada ya mwaka zinakuwa kama 9,400. Baada ya miaka 5 ni zaidi ya 913,000. Mtu mwenye uwezo huo angeuza hata godoro apate mtaji wake, na wewe asingekujua. Jiulize kiwanja chako anakitakia nini.

Fundi Saa
Kokotoo umesahau 30 yake. Kinachobaki kwa mteja ni asilimia 7 kwa mwezi, kwa hiyo miaka 5 ni kama 174,000, si 913,000. Bado ndoto, ila hesabu iwe hesabu.

Na hilo swali la "kama anajua kwa nini asitumie zake" mnalipenda sana humu, ila lina jibu. Mwenye dola 500 akipata asilimia 4 kwa mwezi, na hiyo ni kazi nzuri mno, kapata dola 20. Kodi ya chumba Sinza hailipiki. Kuendesha mitaji ya watu ndiyo kazi ya mameneja wa fedha dunia nzima, UTT wenye mifuko ya uwekezaji nao hawazungushi hela zao. Kuomba mtaji hakunitii shaka. Inayonitia shaka ni hiyo 10.

Kokotoo
Haya, 174,000. Mleta uzi anza kutafuta benki ya kuziweka.

Dereva wa Mwanjelwa
Mbona mnakuza mambo? Hii ni sawa na kumpa mtu bajaji kwa hesabu. Mimi ninazo mbili, siendeshi hata moja, jioni hesabu inaletwa. Ukipata kijana mwaminifu unalala usingizi.

Nahodha Mstaafu
Dereva, bajaji ikigongwa chuma kinabaki, unauza skrepa. Akaunti ya levareji ya 1:500, yaani dola 1 yako inaendesha biashara ya dola 500, inalala na salio inaamka sifuri. Halafu kijana wako wa bajaji akikosa abiria na yeye analala njaa. Huyu treda mkipata anakula 30, mkipoteza anazima simu. Ndiyo maana wengi wakishuka wanaongeza loti, yaani ukubwa wa oda (manunuzi au mauzo wanayofungua), badala ya kupunguza. Akirudisha, kalipwa. Akiunguza, cha kwake hakijaungua. Wala si lazima awe mwizi, mkataba wenyewe unamsukuma huko.

Mwana wa Maskati
Assalaam alaykum. Mzee Nahodha, hapo nakupinga kidogo kwa heshima. Kwenye mudharaba mwenye mali anatoa mtaji, mudharibu anatoa kazi, faida inagawanywa kwa sehemu mliyokubaliana, na hasara ya mtaji ni ya mwenye mali. Mudharibu anapoteza jasho lake tu, isipokuwa amezembea au amevuka masharti. Ni mkataba wa karne nyingi, wafanyabiashara wamesafiri nao. Kwa hiyo kutobeba hasara peke yake si dalili ya hila. Tatizo la mleta mada ni kwamba masharti hayapo. Hasara ikifika wapi anasimama? Anaruhusiwa kununua na kuuza nini? Na mtu akikuhakikishia faida ya kiasi maalumu kila mwezi, hapo si mudharaba tena.

Kwa anayejali, kuna pia swapu, ile riba ya kulaza oda usiku. Broka wengi, yaani kampuni zinazokufungulia akaunti, wana akaunti zisizo na swapu, ingawa baadhi huweka ada nyingine mahali pake. Kuhusu forex ya levareji yenyewe masheikh hawajaafikiana, sitaingia huko.

Mpemba Hasemi
Swapu iliyobadilishwa jina hiyo. Endeleeni.

Kijana wa Kondele
Huku Kenya jambo hili lina sheria. Kanuni za forex ya mtandaoni zilitoka 2017 chini ya Capital Markets Authority, na leseni ni za aina tatu: broka anayeshika mwenyewe upande wa pili wa oda yako, broka anayepitisha oda tu, na meneja wa fedha, yaani anayeendesha hela za wengine. Levareji haizidi 1:400. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti yao, dakika mbili umemaliza. Mtu akikwambia "nikutredie", muulize kama anayo hiyo ya tatu. Wengi wanaopiga picha na magari hawako kwenye orodha yoyote.

Shangazi Kaja
Na kwetu Bongo?

Karani wa Zamani
Kwetu mameneja wa mifuko na masuala ya dhamana yako CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, kwa sheria ya 1994. Fedha za kigeni ziko Benki Kuu, kwa sheria ya 1992. Kijana anayeendesha akaunti za ndugu na jamaa kutoka chumbani kwake hana leseni ya yeyote kati ya hao. Likiharibika utaenda kituoni na picha za mazungumzo ya WhatsApp, na afande atakuuliza kama ulilazimishwa.

Ila tutenganishe mambo mawili. Kuendesha akaunti iliyo kwa jina lako ni kitu kimoja. Kukusanya hela za watu kwenye akaunti yake na kuwagawia "faida" ni kingine kabisa, hicho usikiguse hata kama wa kwanza wamelipwa. DECI, ule upatu ulioanguka mwaka 2009, watu walilipwa vizuri tu mwanzoni.

Kokotoo
DECI haikuwa forex mzee, watu walikuwa wanapanda mbegu.

Karani wa Zamani
Sijasema ilikuwa forex. Nimesema walilipwa.

Nyumbu wa Mara
Mleta uzi uliomba aliyewahi, mimi hapa. Niliendeshewa kwa PAMM, broka wa nje. Kwenye PAMM hela inabaki kwenye akaunti yako kwa broka, meneja anatredi kwa mkupuo mmoja na kila mtu anagawiwa faida au hasara kwa uwiano wa mtaji wake. Meneja hana uwezo wa kukutolea hela. Na malipo yake yana alama ya juu: hachukui asilimia mpaka akaunti ipite kilele chake cha mwisho. Ikitoka 3,000 ikafika 3,300 analipwa kwa ile 300. Ikashuka 2,900, ikapanda tena 3,200, halipwi kitu. Muulize kijana wako hilo. Kama mnagawana kila mwezi bila hiyo alama, utamlipa mara mbili kwa kilima kilekile.

Mwaka wa kwanza nilipata asilimia 11. Kwa mwaka, msije mkasoma vibaya.

Chumvi Kidogo
Na wa pili?

Nyumbu wa Mara
Wa pili ulifika Agosti 2024.

Fundi Saa
Hahaha, yeni.

Nyumbu wa Mara
Yeni. Tarehe 31 Julai Benki Kuu ya Japani ilipandisha riba hadi asilimia 0.25. Kwa maandishi ni kitu kidogo, ila nusu ya dunia ilikuwa imekopa yeni kwa bei ya bure na kununua vingine. Wote wakakimbilia mlango mmoja. Jumatatu ya tarehe 5 soko la hisa la Tokyo lilianguka zaidi ya asilimia 12 kwa siku. Meneja wetu alikuwa amenunua pauni dhidi ya yeni. Tulipoteza asilimia 26. Hakuunguza akaunti, stop losi zake (vikomo vinavyofunga oda hasara ikifika mahali) zilifanya kazi, lakini ukipoteza 26 unahitaji kama 35 ili urudi ulipokuwa. Nikatoa kilichobaki.

Mwana wa Maskati
Ulitoka wakati mbaya zaidi. Aliyesimamisha hasara kwenye siku ile alikuwa na nidhamu, huyo ndiye wa kubaki naye.

Nahodha Mstaafu
Au alikuwa na bahati mwaka wa kwanza na soko likamuumbua wa pili. Huwezi kujua kwa miaka miwili. FX Concepts ya New York ilianza 1981, ikawa kubwa kuliko mifuko yote ya aina yake kwenye biashara ya sarafu, wakati wa kilele chake mwaka 2008 ilishika zaidi ya dola bilioni 14 za watu. Watu wa hesabu, kompyuta, kila kitu. Oktoba 2013 ikaomba kufilisiwa. Si wizi, mbinu ziliacha kufanya kazi na wateja wakaondoka. Sasa wewe unataka nihukumu kijana wa Dar kwa simu ya kijani.

Nyumbu, na hiyo PAMM usiisifie sana. Broka Alpari ndio walioipa umaarufu tangu 2008, nao wakafa Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi ilipoondoa kikomo cha faranga 1.20 kwa yuro.

Fundi Saa
Sahihisho: iliyofilisika ni Alpari ya Uingereza, si kundi zima. Tena kule hela za wateja zinatengwa na za kampuni, hilo ni tofauti kubwa na broka aliyejisajili kisiwani akiwa na sanduku la posta.

Nahodha Mstaafu
Sahihisho limepokelewa. Huyo wa mleta uzi amesajiliwa wapi?

Mchuuzi wa Makorora
Sijui, kijana ndiye aliyenitumia linki ya kujisajilia. Kasisitiza nitumie linki yake.

Mlinzi wa Getini
Ahaa. Nilikuwa nasoma kimya nikisubiri mtu aseme neno linki. Nimefanya kazi ya kuletea broka wateja, kwa hiyo nawaeleza kutoka jikoni. Ukijisajili kwa linki yake, yeye analipwa na broka kwa kila loti inayopita kwenye akaunti yako, upate au ukose. Tuseme analipwa dola 5 kwa loti na anafanya loti 2 kwa siku. Siku 20 za soko ni loti 40, ni dola 200 mkononi mwake. Kwako wewe, spredi (tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza) ya pipsi 1, ile hatua ndogo ya bei, kwenye yuro na dola ni dola 10 kwa loti, jumla 400. Yaani akaunti ya 3,000 inatakiwa ipate zaidi ya asilimia 13 kwa mwezi ili tu ubaki ulipo. Yeye mshahara wake umeingia. Hiyo 30 ya faida inaweza kuwa geresha, riziki yenyewe ni loti.

Dereva wa Mwanjelwa
Loti 2 kwa siku kwenye akaunti ya 3,000 ni nyingi, hakuna anayefanya hivyo.

Mlinzi wa Getini
Mkuu, nilikuwa naona ripoti zao kila Ijumaa. Wapo wanaofanya 10.

Treda Mtulivu
Natredi kwa kazi, naona mnatuweka wote kapu moja. Malipo ya loti si dhambi, mimi nayachukua na wateja wangu wanajua, nawarudishia nusu. Ubaya ni kuficha. Pia msisahau mteja. Nimewahi kuwa na mzee anapiga simu saa nane usiku oda ikiwa nyekundu, anataka nifunge. Nikifunga ikageuka, lawama. Nikiacha ikazidi, lawama. Wengine wanatoa mtaji katikati ya mwezi kwa ajili ya ada za shule halafu wanasema treda ameshindwa. Akaunti nyingi zinauawa na hofu ya mwenye hela.

Shangazi Kaja
Kaka yangu mtu akiona hela ya ada inapungua akiwa amelala, utampangia saa ya kupiga simu?

Treda Mtulivu
Hela ya ada hailetwi huku dada. Ndiyo ninachosema.

Kokotoo
Tupe rekodi yako basi. Ya mwaka mzima.

Treda Mtulivu
Nikiweka linki hapa mtasema natangaza biashara, nisipoweka mtasema sina. Nimeshazoea.

Kipepeo Mweupe
Habari. Mimi nilipoteza dola 8,000 kwa treda feki lakini kuna mtaalamu wa kompyuta alinirudishia zote ndani ya saa 48. Anayehitaji msaada aje inboksi.

Chumvi Kidogo
Akaunti imefunguliwa leo, bandiko la kwanza, tayari ana mtaalamu. Wasimamizi mpo?

Karani wa Zamani
Mleta uzi, na wengine mliopigwa: hao wa "kukurudishia" wanafanya kazi na orodha za waliokwisha kupigwa. Watakuomba ada kidogo kwanza, kisha "kodi", kisha nyingine. Usiwajibu.

Kijana wa Kondele
Nikumbushe Mirror Trading International ya Afrika Kusini. Ilikusanya bitcoin za watu ikidai ina programu inayotredi forex na kuleta faida kila siku. Ilianguka mwisho wa 2020. Tume ya Marekani inayosimamia masoko hayo iliifungulia kesi 2022 ikisema zilikusanywa zaidi ya bitcoin 29,000, thamani yake kama dola bilioni 1.7. Mwenye kampuni, Johann Steynberg, alikimbilia Brazili na akakamatwa huko 2021. Wateja walikuwa wanaona faida zao kwenye skrini kila asubuhi. Skrini ilikuwa ya kampuni.

Mchuuzi wa Makorora
Ahsanteni, mmenifungua macho ila pia mmenichanganya. Sasa nifanyeje nijue hiyo historia ya kijana ni ya kweli?

Mlinzi wa Getini
MetaTrader ina pasiwedi mbili. Moja ya kufanya biashara, nyingine ya kutazama tu. Muombe ya kutazama ya akaunti yake mwenyewe yenye hela halisi, uifungue kwenye simu yako. Picha na historia ya kwenye simu yake havitoshi: inaweza kuwa akaunti ya mazoezi, na historia inaonyesha oda zilizofungwa tu. Kuna watu hawafungi hasara. Wanafunga za kijani, nyekundu zinaachwa zinaelea. Ukiingia, linganisha salio na ekwiti, yaani salio likishahesabiwa pamoja na oda zilizo wazi. Salio likiwa 2,000 na ekwiti 900, umeshajua hadithi.

Treda Mtulivu
Hapo nipo na Mlinzi. Ila asikatae wakasema mwizi, wapo wanaoficha kwa sababu watu wanakopi oda zao bure.

Mchuuzi wa Makorora
Mrejesho. Mwanzo kakataa, kasema ni siri ya mbinu. Mtoto wa mjomba kamsema, akatuma. Salio 1,140, ekwiti 610. Kuna oda saba wazi, zote ni kuuza dhahabu, kila iliyofuata ni kubwa kuliko iliyotangulia. Ya kwanza 0.01, ya mwisho 0.64. Kasema ni kawaida, dhahabu ikishuka kidogo zote zinageuka kijani.

Fundi Saa
Anazidisha loti mara mbili kila oda. Jumla yake ni loti 1.27. Loti moja ya dhahabu ni wakia 100, kwa hiyo bei ikipanda dola 1 anapoteza 127. Ekwiti 610 inamalizika kwa kupanda kusikofika dola 5. Dhahabu inatembea dola 5 wakati unachemsha chai.

Nahodha Mstaafu
Na anauza! Dhahabu ilianza 2024 ikiwa dola elfu mbili na ushee, Oktoba 2025 ikapita 4,000. Watu wameungua njia nzima wakisema "sasa imepanda sana itashuka".

Dereva wa Mwanjelwa
Lakini kweli si anasema ikishuka kidogo anatoka na faida? Mwezi uliopita ndivyo alivyofanya, historia si kijani?

Kokotoo
Ndiyo, na mwezi wa kabla ya huo. Kijani yote imetoka humo. Siku isiposhuka ndiyo siku moja inayokula miezi yote.

Mwana wa Maskati
Mimi bado siamini kijana ni tapeli. Kaonyesha. Tapeli asingeonyesha. Huyu anahitaji mtu wa kumwekea masharti: loti isizidi kiasi fulani, kuzidisha marufuku, ekwiti ikishuka asilimia 15 anasimama. Mchuuzi aweke 500, si 3,000.

Shangazi Kaja
Kwa nini aweke hata hiyo 500? Hatifungani ya Serikali mtu anaanza na milioni moja, analala.

Treda Mtulivu
Hatifungani ya miaka 25 ilikuwa inalipa asilimia 15.95 kwa mwaka, Aprili 2022 wakaishusha hadi 12.56. Na hela yake ikishaingia huko akiitaka haraka lazima atafute mnunuzi. Kila kitu kina bei dada.

Chumvi Kidogo
Swali nje ya mada: kiwanja kilikuwa wapi?

Mchuuzi wa Makorora
Upande wa Chongoleani.

Chumvi Kidogo
Chongoleani bomba la mafuta la kutoka Uganda linapoishia??? Umeuza kiwanja cha Chongoleani ukauze dhahabu?

Karani wa Zamani
Mwacheni mzee wa watu, pengine alikuwa na shida.

Mchuuzi wa Makorora
Chumvi umenikera lakini umenichekesha. Nimezungumza na kijana, masharti ya Mwana wa Maskati kayakubali kwa mdomo. Sijaweka hela bado. Anachoniuliza ni hicho kikomo cha asilimia 15 kinawekwa wapi, kwa sababu anasema MetaTrader haina.

Mlinzi wa Getini
Hapo kasema kweli. MetaTrader yenyewe haina stop losi ya akaunti nzima, kuna ile tu ya broka kufunga oda dhamana ikikaribia kuisha, na hapo huna kitu tena. Kikomo cha mwenye hela utakipata kwenye PAMM au huduma za kukopi za broka. Ukitaka kwenye akaunti ya kawaida inabidi uweke programu ndogo inayofunga oda zote ekwiti ikifika chini, na iwe kwenye seva inayowaka saa 24, si kwenye simu.

Dereva wa Mwanjelwa
Halafu pasiwedi ya kufanya biashara anayo yeye. Si anaingia tu anafungua oda nyingine?

Mlinzi wa Getini
Anaweza. Labda programu iwe inafunga kila oda mpya inayofunguliwa baada ya kikomo. Zipo za hivyo.

Mpemba Hasemi
Hiyo seva kwa mwezi inakwenda ngapi? Naulizia rafiki.